Chuma Chenye Nguvu Huvunjwa na Nini?



Imo katika Kurani Tukufu Sura nzima iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma. Katika aya ya 26 ya Sura hiyo Mwenyezi Mungu anataja kuletwa kwa Mitume, Kitabu na Mizani, kisha anataja chuma, ya kuwa ndani yake mna nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Na katika Sura Saba, aya ya 11 na ya 12, tunaelezwa habari za Nabii Daudi a.s., jinsi alivyolainishiwa chuma na kuamrishwa kutengeneza mavazi kamili ya vita na kuzipima vema pete zake.

Hatusemi ya kwamba aya hizi zinafundisha ufundi wa kiwandani. Kurani Tukufu ni Kitabu cha uongofu. Lakini Yeye aliyeteremsha Neno ndiye aliyeumba chuma, wala kazi ya Mungu haipingani na neno la Mungu. Basi anayekitazama chuma kwa macho ya kutafakari hupata ndani yake mafunzo ya kumfaa katika dini yake.

Leo tunalo swali moja zito. Wageni wanaouchunguza Uislamu, na ndugu waliofanya baiati karibuni, mara nyingi huuliza: "Imekuwaje fulani, aliyekuwa thabiti kuliko sisi, akavunjika siku moja kwa jambo dogo?" Tutalitafutia jibu kwa kutazama jinsi chuma kinavyodhurika kwa haidrojeni, na jinsi aloi, yaani michanganyiko ya madini, inavyoweza kuyahimili madhara hayo.

MFANO WA FUNDI WA LUTINDI

Lutindi iko juu katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe. Ni mahali pa ukungu na mvua, na kitu kilichoachwa wazi hakikawii kupata unyevu. Tuchukue mfano wa fundi wa kuchomelea vyuma katika mahali kama hapo. Analetewa tela la kubebea mizigo, naye anachomelea kulabu nene iliyokatwa katika springi ya lori. Vijiti vyake vya kuchomelea vilikuwa vimekaa wiki kadhaa juu ya rafu, na pakiti yake imefunguliwa.

Jioni kazi inaonekana safi. Fundi anaigonga kwa nyundo, inalia vizuri. Asubuhi, kabla tela halijavuta hata gunia moja, kando ya mchomeleo pana ufa. Hakuna aliyeigusa kulabu hiyo usiku. Mmoja atasema ni hasidi, mwingine atasema ni jini.

Aliyeivunja ni maji. Unga unaokizunguka kijiti cha kuchomelea ulinywa unyevu wa hewa. Moto wa umeme ulipowaka, maji yale yaligawanyika na haidrojeni yake ikaingia katika chuma kilichoyeyuka. Chuma kilipopoa upesi, haidrojeni ikafungiwa ndani. Sehemu iliyo kando ya mchomeleo ikawa ngumu mno, na kule kupoa kukaivuta huku na huku. Mambo matatu yakakutana: haidrojeni, ugumu na mvuto. Ufa wa namna hii waweza kutokea baada ya saa chache, au hata baada ya siku moja au mbili. Ndiyo sababu katika kazi kubwa wakaguzi husubiri hadi saa 48 kabla ya kuukagua mchomeleo wa feleji ngumu.

ADUI MDOGO KULIKO WOTE

Haidrojeni ndiyo nyepesi kuliko elementi zote. Imo katika kila tone la maji. Atomi yake ni ndogo hata yaweza kupenya katika nafasi zilizo baina ya atomi za chuma na kutembea humo, wakati ambapo mwenye kukitazama chuma haoni alama yoyote.

Mwaka 1875 Mwingereza W. H. Johnson alieleza mbele ya wanachuoni wa London jinsi waya wa chuma uliolowekwa katika asidi unavyopoteza unyumbufu wake, ukavunjika unapokunjwa. Aliona pia ya kwamba mahali palipovunjika pakilowanishwa hutoa mapovu, na ya kwamba waya ukiachwa kwa muda, au ukipashwa moto, hali yake ya kwanza huweza kurejea. Tangu hapo wataalamu wamejua ya kwamba haidrojeni hukusanyika pale ambapo chuma kinavutwa zaidi, hasa kwenye ncha ya ufa mdogo, na kuufanya ufa huo uende mbele. Tena wamejua jambo la kushangaza: kadiri feleji inavyokuwa ngumu na yenye nguvu, ndivyo inavyodhurika zaidi.

Mfano wake ulionekana Marekani mwaka 2013. Katika ujenzi wa daraja jipya la ghuba ya San Francisco ziliwekwa fito 96 za feleji ngumu kwenye nguzo moja. Zilitengenezwa mwaka 2008, nazo zikakaa miaka mingi katika matundu yaliyoingia maji. Muda wote huo hazikuonyesha dosari. Machi 2013 zilikazwa, na katika siku chache fito 32 zikavunjika. Uchunguzi ulionyesha ya kwamba sababu yake ilikuwa haidrojeni.

Ndugu msomaji, hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Fito zile zilivunjika siku zilizokazwa, lakini madhara hayakuanza siku hiyo. Mkazo ulilidhihirisha tu lililokuwa limeandaliwa kimya kimya. Vivyo hivyo yule ndugu hakuvunjika siku ya mtihani. Aliacha Swala moja, na hakuna aliyejua. Akasema uongo mdogo katika biashara, na hakuna aliyejua. Akaweka kinyongo dhidi ya nduguye akakificha. Kisha ulipokuja mkazo, wa jamaa kumtenga au wa kukosa kazi, watu wakasema amevunjwa na jambo dogo. Katika Sura Al-Mutaffifin, aya ya 15, Kurani Tukufu inatufahamisha ya kuwa matendo ya watu wenyewe ndiyo yanayoiletea mioyo yao kutu.

NJIA TANO ZA KUHIMILI

Mafundi na wanachuoni wamegundua njia kadhaa za kukilinda chuma. Tutazieleza tano, na katika kila moja tutatazama mafundisho ya dini.

Kwanza, kuufunga mlango. Vijiti vya kuchomelea feleji nene, vile vya namna isiyotoa haidrojeni nyingi, hukaushwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 300 za sentigredi au zaidi, kisha hutunzwa katika sanduku lenye joto mpaka saa ya kazi. Na mabomba yanayofukiwa ardhini huvikwa ngozi ya kuyakinga. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2017, lina urefu wa kilomita 1,443, nalo hupita katika nchi ya Handeni na Korogwe. Bomba la feleji la namna hiyo haliwezi kuachwa tupu udongoni.

Moyo nao una vazi lake, yaani istighfari. Neno hilo latokana na shina lenye maana ya kufunika, na kwa shina hilo hilo Waarabu huiita kofia ya chuma ya vitani "mighfar". Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, ameeleza ya kuwa istighfari si kuomba msamaha wa kosa lililopita tu, bali ni kumwomba Mungu aufunike udhaifu wa kibinadamu usije ukajitokeza.

Lakini kinga nayo ina kipimo. Mabomba ya ardhini hulindwa pia na kutu kwa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo huo ukizidi mpaka wake, wenyewe huzalisha haidrojeni juu ya bomba, na mlinzi akawa mharibifu. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayejitwisha ibada kupita kiasi siku ya kwanza, akachoka na kuacha yote. Umma wa Kiislamu umeitwa umma wa wastani.

Pili, kuacha ugumu uliopita kiasi. Katika visima na mitambo yenye gesi ya salfa, ambayo huisukuma haidrojeni ndani ya chuma, kanuni za kimataifa zimeuwekea ugumu wa feleji ya kawaida mpaka, yaani 22 katika kipimo cha Rockwell C. Hapa mhandisi hatafuti chuma kigumu kuliko vyote. Hutafuta chenye nguvu ya kutosha na unyumbufu wa kutosha. Katika milima ya Upare, jirani na Usambara, wafua chuma wa ukoo wa Washana walisifika kwa kazi yao. Jembe lililofuliwa kwa chuma laini hupinda likikutana na jiwe, likanyoshwa, likarudi shambani. Chuma kigumu mno hakipindi, huvunjika. Na fundi wetu wa Lutindi angefanya vema zaidi kama angeitengeneza kulabu yake kwa chuma laini kinene kuliko springi ya lori.

Sharti la saba katika masharti kumi ya baiati, yaliyotangazwa mwaka 1889, linamtaka mwenye baiati aache kabisa kiburi na majivuno, na aishi kwa unyenyekevu na upole. Mtu asidhani ukali wa maneno ni uthabiti wa imani. Aghalabu mwenye kujadiliana kwa ukali kuliko wote ndiye aliye karibu zaidi na kuvunjika.

Tatu, mitego midogo mingi. Haidrojeni nyingine itaingia tu. Kwa hiyo watengenezaji wa aloi huongeza kiasi kidogo cha vanadiamu, titaniamu au niobiamu. Madini haya huungana na kaboni na kufanya chembe ndogo mno, zilizotawanyika kote ndani ya feleji. Kila chembe hukamata haidrojeni na kuishikilia isifike kwenye ncha ya ufa. Mwaka 2017 wanachuoni waliweza kuzionyesha atomi hizo zikiwa zimekamatwa ndani ya chembe za vanadiamu na kaboni.

Angalia ya kwamba ulinzi huu hauletwi na donge moja kubwa lililowekwa mahali pamoja. Huletwa na chembe nyingi zilizoenea. Sharti la tatu la baiati lataja Swala tano, Tahajjudi kadiri iwezekanavyo, kumsalia Mtume Mtukufu s.a.w. na kuomba msamaha kila siku. Anayengoja Ramadhani peke yake imtengeneze ameliweka donge moja mwezini na kuiacha miezi kumi na mmoja tupu. Lakini Alfajiri hulikamata wazo baya la usiku, na Adhuhuri hulikamata la sokoni.

Nne, mpangilio wa ndani. Chuma kikichanganywa na kromi na nikeli ya kutosha, atomi zake hujipanga kwa namna nyingine kabisa. Katika mpangilio huo haidrojeni hutembea polepole mno, mara elfu nyingi kuliko katika feleji ya kawaida. Kwa sababu hiyo vyuma vya namna hii hutumiwa sana katika vyombo na mabomba ya haidrojeni. Atomi za chuma ni zile zile. Zilizobadilika ni jirani zake na safu zake.

Ndugu mpya aelewe kwa nini anahimizwa ahudhurie Swala ya jamaa na mikutano ya Jumuiya, na awe chini ya nidhamu ya Ukhalifa. Si kwa sababu mtu mmoja hana thamani. Bali akiwa katika safu, lile lililokuwa likimpitia upesi alipokuwa peke yake sasa hukuta njia imekuwa ngumu.

Tano, kuacha njia ya kutokea. Mkulima wa Korogwe anayetia mbolea ya chumvichumvi katika mahindi yake anatumia kitu ambacho asili yake ni amonia, na amonia hutengenezwa kwa haidrojeni na naitrojeni chini ya kani kubwa na joto kali. Mwanzoni mitambo ya kazi hiyo huko Ludwigshafen, Ujerumani, ilipasuka baada ya saa 80 hivi, kwa kuwa haidrojeni ya moto iliinyang'anya feleji kaboni yake. Mwaka 1911 Carl Bosch alipata dawa. Ndani aliweka bomba la chuma laini lisilo na kaboni ya kunyang'anywa. Nje akaweka gamba la feleji imara. Na katika gamba hilo akatoboa vitundu vidogo. Haidrojeni iliyopenya bomba la ndani ilitoka kwa vitundu hivyo kabla ya kulidhuru gamba. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913. Baadaye zilipatikana feleji zenye kromi na molibdenamu, ambazo huishikilia kaboni yake barabara isinyang'anywe.

Mwenye kuyafungia machungu yote kifuani hupasuka. Muumini ana njia ya kutokea, nayo ni dua. Katika sijda humweleza Mola wake lile asiloweza kumwambia mtu. Laini ndani, imara nje, na mlango wazi kuelekea kwa Mungu: hiyo ndiyo sifa ya muumini.

TOBA ISICHELEWE

Je, iwapo haidrojeni imekwisha kuingia? Hapa pana habari njema na onyo pamoja. Bolti za feleji ngumu zilizopakwa madini kwa umeme hupata haidrojeni katika kazi hiyo. Basi huwekwa katika tanuri la nyuzi 190 hadi 220 za sentigredi kwa saa kadhaa, nayo haidrojeni hutoka au hutulia mahali pasipo na hatari. Lakini kanuni hutaka zitiwe tanurini upesi, katika saa chache za kwanza. Ufa ukisha kuanza, tanuri haliuungi tena.

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anatufahamisha ya kuwa anaipokea toba ya wale wanaotenda baya kwa ujinga kisha wakatubu upesi. Na Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha ya kuwa dhambi huacha doa jeusi moyoni. Mtu akitubu moyo husafika, akirudia doa huongezeka. Joto la toba huunguza, maana kuna aibu ya kukiri na uchungu wa kurudisha haki ya mwenzako. Lakini joto hilo la saa chache ni jepesi kuliko kuvunjika.

MFANO UNA MPAKA WAKE

Msomaji asivuke mpaka wa mfano huu. Si kila maumivu ya ndani ni dhambi. Watu wengi hulijua jina la Lutindi kwa ajili ya hospitali yake ya magonjwa ya akili, ambayo mwanzo wake ni makao ya watoto waliokombolewa utumwani, yaliyofunguliwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896. Mgonjwa wa akili ni mgonjwa kama mwenye homa. Anahitaji daktari, dawa na huruma, wala haifai kumwambia ya kuwa imani yake imevunjika. Tena binadamu hupita chuma kwa jambo moja kubwa. Chuma kilichopasuka hakiwezi kuomba, bali mtu aliyeanguka aweza kuinuka, na rehema ya Mungu haikufungwa kwa saa za tanuri maadamu roho haijafika kooni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kulabu ya fundi ilipasuka usiku, ingawa jioni ilionekana nzima?
2. Kwa nini feleji ngumu kuliko zote si salama kuliko zote? Jambo hili lahusianaje na sharti la saba la baiati?
3. Chembe ndogo za vanadiamu zafanana na ibada zipi za kila siku?
4. Ni jambo gani dogo, lisilojulikana na mtu, ambalo wewe mwenyewe unapaswa kulitoa moyoni leo kabla ya kesho?

Swali la nne lisijibiwe mbele ya watu. Lijibiwe katika sijda.

Mwenyezi Mungu ailainishe mioyo yetu mbele yake kama alivyomlainishia Daudi a.s. chuma, aifanye imara mbele ya kila mtihani, na atujalie kutubu upesi. Amin.